Kwa wadogo zangu mnaoanza kuigiza na kuimba hapa Mwanza

Nilianza kuigiza nikiwa darasa la nne, kwenye kikundi cha mtaani kwetu Kirumba. Mwaka uliofuata nikapata nafasi kwenye filamu: mtoto wa mvuvi anayemsubiri baba yake ufukweni. Sini ilitaka nilie, na machozi hayakuja. Jua linazama, betri za kamera zinaisha. Dairekta akanivuta pembeni, akaniambia mama yangu amegongwa na daladala pale Mabatini. Nililia kwelikweli. Kamera ikachukua, watu wakapiga makofi. Mama alikuwa nyumbani anachambua mchele, na usiku ule niling'ang'ania kulala miguuni pake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kuigiza ndiko huko: kuumizwa mbele ya kamera. Nawaomba msiikubali kazi ya namna hiyo, na mzazi unayempeleka mtoto lokesheni, kaa naye pale pale.

Kidato cha pili sauti ilivunjika, miguu ikarefuka, simu zikakoma. Hakuna aliyenichukia. Walimtaka yule mtoto, na yule mtoto hakuwepo tena. Ukifika hapo, mdogo wangu, mtaani watasema umefulia. Usiwasikilize. Hiyo ndiyo miaka ya kujifunza kazi yenyewe, maana kabla ya hapo ulikuwa unapendwa kwa udogo wako tu.

Mimi nilishikwa mkono na mwalimu wa kwaya. Alinihamishia besi, sauti nzito ya chini, akanikataza kupaza sauti kwa miezi kadhaa. Kazi yangu ikawa pumzi: lala chali sakafuni, weka daftari tumboni, vuta hewa daftari lipande, kisha itoe taratibu kwa "sss" mpaka uhesabu 20. Kila siku, kabla ya chai. Niliona ananipotezea muda. Niliporudi kwenye filamu nikiwa mtu mzima nikapewa tena sini ya kulia, na safari hii nikaijua njia: pumzi fupi fupi za juu kifuani, koo linabana, machozi yanafuata yenyewe. Nikalia mara nne kwa pembe nne za kamera, kisha nikaenda kula wali.

Pumzi hiyo hiyo ndiyo iliyonivusha kwenye muziki. Studio maikrofoni inasikia hata mate mdomoni, na wengi wetu tunameza neno la mwisho la mstari kwa sababu hewa imeisha. Uigizaji nao ukanilipa: kabla prodyuza hajawasha biti najiuliza, namwimbia nani, na amekaa wapi? Aliye kitandani kando yangu siwezi kumwimbia kama aliye Kamanga, ng'ambo ya ziwa.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, ingawa inauma. Ile filamu ya utotoni niliikuta inauzwa sokoni Makoroboi, na sikuwa na karatasi hata moja. Mama alipewa bahasha tu. Hata Marekani yametokea. Jackie Coogan, mtoto aliyeng'ara kwenye filamu na Charlie Chaplin mwaka 1921, alipokua alikuta mapato yake yametumiwa na mama yake na baba wa kambo. Akawashtaki 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kuwalinda watoto waigizaji. Sisi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayomtambua hata mwigizaji na mwimbaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo kwa ajili hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mimi nimeshutiwa mpaka usiku wa manane nikiwa na sare ya shule begini. Dai mkataba ulioandikwa, usome na mtu mzima unayemwamini, nakala moja ibaki nyumbani.

Anayeanza akinifuata, humpeleka Mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, alfajiri, mitumbwi ya dagaa inapoingia, mashine zinanguruma na kina mama wanapatana bei. Nasimama hatua 30 mbali naye, yeye anasema mistari yake bila kupiga kelele. Nisiposikia neno la mwisho, tunarudia. Njoo na maji ya kunywa. Upepo wa ziwa hukausha koo kabla hujafika mstari wa nne.