Msiisome praima peke yake

Wadogo zangu mnaojijazia risasi wenyewe, nimechoka kumwona mtu akifyatua risasi moja, anaokota ganda, anatazama praima (kile kikombe kidogo kitakoni kinachowasha baruti kikigongwa na pini), kisha anatangaza: "Praima bado ina mviringo wake, niongeze baruti." Nawapenda, ila mtanizeesha.

1. Praima isiyo na dalili ya presha kubwa haithibitishi kitu. Kikomo cha presha cha SAAMI, shirika la Marekani la viwango vya risasi, kwa risasi ya .308 Winchester ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), kwa .30-30 ni psi 42,000. Praima za raifo kubwa ni zile zile, na hazijui zimewekwa kwenye ganda gani. Kwenye .30-30 utavuka kikomo kwa mbali huku praima imetulia tuli.

2. Ukiona ukingo ulioinuka kuzunguka alama ya pini, piga kwanza risasi za kiwandani kwa bunduki hiyo hiyo. Nazo zikitoka hivyo, huenda tundu la pini kwenye bolti, kile kifungio kinachoshikilia ganda kwa nyuma, limepanuka.

3. Praima bapa. Hii ninaisimulia kwa aibu. Kijana mmoja aliniletea maganda ya .30-06, praima zimelala bapa mpaka zimejaza kingo za tundu. Sikumuuliza lolote. Nikamwambia, kwa ile sauti yetu ya wazoefu, apunguze baruti. Akapunguza, zikarudi bapa. Nikamwambia apunguze tena. Alikuwa ameshafika karibu na kipimo cha kuanzia cha kitabu cha kujazia risasi, na hilo tu lingetosha kunizindua, lakini nilishatoa hukumu mbele ya watu na sikutaka kuimeza. Safari ya mwisho baadhi ya praima zilitoka zimechomoza nje ya kitako, halafu ganda moja likakatika juu kidogo ya kitako, nusu ya mbele ikabaki chemba, pale ganda linapokaa mtutuni. Gesi ikamrudia usoni. Kama si miwani, nisingekuwa nawaandikia kwa mzaha.

Presha haikuwa na kosa. Alikuwa ameishusha mno kalibu ya kurudisha umbo la ganda lililopigwa, na bega la ganda, pale linapoanza kusinyaa kuelekea shingoni, likasukumwa nyuma kupita kiasi. Ganda la namna hiyo linacheza ndani ya chemba: pini inalisukuma mbele, praima inarudi nyuma hadi kwenye uso wa bolti, kisha presha inapopanda kitako nacho kinavutika kurudi nyuma na kuikandamiza praima tunduni. Ndiyo ule ubapa. Presha ikiwa ndogo, ganda halivutiki vya kutosha, na praima inabaki imechomoza. Mimi nilizidi kupunguza baruti, yeye akazidi kurudia maganda yale yale yaliyokwisha kuvutika. Pete inayong'aa juu ya kitako ilikuwepo muda wote. Waya mwembamba uliopindwa ncha, ukiburutwa kwa ndani, ungenasa kwenye mfereji uliotokana na kuvutika huko. Siku hizi sisemi neno kabla ya kupima bega; kwa bunduki ya bolti, lirudishwe inchi 0.001 hadi 0.002 kutoka kwenye kipimo cha ganda lililopigwa chemba hiyo.

4. Bolti nzito kufunguka, alama inayong'aa kitakoni ya ejekta (kitupia ganda), masizi kuzunguka praima, praima iliyotoboka, au praima mpya inayoingia tunduni bila ukinzani: acha kupiga. Usinimalizie boksi eti kwa kuwa umeshazijaza. Nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi ipo kwa kazi hiyo, na ndiyo, inachosha mkono.

5. Ukibadilisha praima, aina ya ganda au kichwa cha risasi chenyewe, rudi chini kwenye baruti kidogo uanze upya. Maganda mengi ya kijeshi yana kuta nene, hivyo nafasi ya ndani ni ndogo na baruti ile ile inapandisha presha. Na usiiache risasi ikae kwenye chemba yenye moto wakati unapiga soga.

6. Nunueni kronografu, kipima kasi ya risasi, kabla ya darubini nyingine. Kasi ikipita ile ya juu kabisa kitabuni kwa mtutu wa urefu ule ule, mara nyingi ni presha iliyozidi. Msinijie hapo na ganda mkononi kunionyesha praima ilivyo nzuri.