Kwa Uliyekabidhiwa Watoto na Familia Katika Kanisa la Kijijini

Familia mpya huamua kurudi au kutorudi kulingana na yaliyompata mtoto wao siku ya kwanza. Hata mahubiri yawe mazuri namna gani, mama aliyekaa nje muda wote akibembeleza mtoto hakuyasikia. Kwa hiyo, kabla ya kuwaza vipindi na sherehe, anza na mahali pa kukaa.

Tenga mabenchi mawili upande wenye mlango wa pembeni, safu ya pili na ya tatu kutoka mbele. Makanisa mengi huwapeleka wenye watoto nyuma kabisa, na huko mtoto haoni kitu ila migongo ya watu wazima. Asipoona, hujitafutia la kufanya. Akiwa mbele anaiona kwaya, anamwona mchungaji, na mama ana njia ya kutoka bila kupita katikati ya watu. Pembeni tandika mkeka wenye vitu visivyo na kelele: karatasi, kalamu za rangi, vitabu vya picha, wanasesere wa kitambaa. Kwa walio chini ya miaka 3, chochote kinachopenya katika bomba la ndani la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto; kiondoe. Mwombe pia mchungaji atangaze mwanzoni mwa ibada kwamba sauti za watoto si usumbufu. Ukilisema wewe halina uzito. Likitoka mimbarini, wanaogeuka na kukunja uso huacha, au angalau hupunguza.

Mlangoni weka mtu asiye na kazi nyingine asubuhi hiyo. Awasalimie wazazi, kisha ainame hadi usawa wa macho ya mtoto, amtajie jina lake na kumwuliza lake. Asimpokonye mama mtoto eti anamsaidia. Maswali ya kutosha ni jina na umri. "Baba yake yuko wapi?" si swali la mlangoni, kwa maana kijijini jibu lake litakuwa limewafikia wote kabla ya sadaka kukusanywa. Wala usiwasimamishe wageni wajitambulishe. Mtu mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hahitaji macho ya kanisa zima. Mtoto akiwa na ulemavu, au akisumbuliwa na kelele na umati, mwulize mzazi, "Nini humtuliza?" Swali hilo hukupa kazi ya kufanya. "Ana shida gani?" humpa mzazi aibu tu.

Ndani ya ibada, watoto wapewe kazi za kweli: kugawa vitabu vya nyimbo, kupitisha vikapu vya sadaka wawili wawili, kusoma somo. Kusoma ndiko huharibika mara kwa mara, na sababu huwa moja: mtoto anakabidhiwa somo asubuhi ileile. Anafika kwenye Nebukadneza, anakwama, watu wanacheka kwa upendo kabisa, naye hasomi tena kwa miaka. Mpe aya 4 hadi 6, siku tatu au nne kabla. Siku ya kufanya mazoezi, asomee palepale mimbarini, kwa kipaza sauti kilekile, akiwa amesimama juu ya kisanduku imara ili uso wake uonekane. Majina magumu mwandikie kwa kuyakata silabi: Ne-bu-ka-dne-za.

Mkiwaita watoto mbele kwa neno fupi, dakika 5 zinatosha, kwa kitu kimoja cha kushika na wazo moja. Epuka mafumbo. Mtoto wa miaka 5 akiambiwa Yesu yumo moyoni mwake, huenda akawaza ameingiaje na anapumuaje. Usiwaulize maswali ili wakubwa wachekeshwe na majibu. Watoto hutambua upesi wanapogeuzwa burudani.

Shule ya Jumapili ya kijijini mara nyingi ni kundi moja, kuanzia miaka 4 hadi 12, chini ya mti au kwenye chumba kimoja. Usijaribu kuligawa kama hamna walimu. Mpangilio unaofaa kwa dakika 35 ni huu: mapambio dakika 5, hadithi dakika 8, kazi ya mikono au maigizo dakika 15, maombi dakika 3, na zilizobaki ni za kufika na kutawanyika. Hadithi isimulie bila kuisoma, lakini Biblia iwe wazi mkononi ili wajue ilikotoka. Yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini, katika Marko 2, hutoa kazi kwa kila umri: wakubwa wanashika pembe za shuka, mdogo analala (shuka libaki sakafuni, asiinuliwe mtu), wengine ni umati unaoziba mlango. Wenye miaka 11 na 12 ndio hutoroka kwanza. Wape darasa dogo la kuandaa, si adhabu ya kunyamazisha wadogo. Na akija mtoto mmoja tu, fundisha.

Usalama hauna mjadala. Watu wazima wawili wasio wa nyumba moja wawepo kila wakati, mahali panapoonekana, na chooni watoto wasipelekwe mmoja mmoja. Daftari liwe na jina, umri, vyakula vinavyomdhuru, na nani ataruhusiwa kumchukua. Picha zisirushwe mtandaoni bila idhini ya mzazi. Utaambiwa, "Hapa tunajuana wote." Ndiyo hoja yenyewe: watoto wengi wanaodhulumiwa hudhulumiwa na watu wanaowajua. Ukipata habari ya dhuluma, ipeleke kwa mamlaka ya serikali inayohusika. Kikao cha wazee cha kupatanisha si mahali pake.

Walioanza kwa kishindo, kwa kambi kubwa ya likizo, wengi hukosa mwalimu ndani ya wiki chache. Afadhali kipindi kimoja kwa mwezi kisichokosekana, chenye walimu watatu wanaopokezana, mmoja akiugua wawili wabaki.

Kuhusu kutembelea: nendeni wawili, ndani ya wiki ile ile, dakika 20, na daftari la michango libaki nyumbani. Mtajeni mtoto kwa jina, mwambieni mzazi alichokifanya vizuri, ombeni kama mmekaribishwa kuomba, ondokeni. Mtoto anayekuja peke yake, wazazi wake hawasali, anahitaji ruhusa yao kabla ya Jumapili ya pili. Ifuateni kwao, msimtume yeye. Akikosekana mara mbili mfululizo, nendeni tena kabla ya ile ya tatu, nanyi msianze kwa kuuliza kwa nini hakuja.