Kwa nini biskuti zetu za nyota hutoka bila ncha?

SWALI: Wanangu wana miaka 4 na 7, na tukipata nafasi tunaoka biskuti pamoja. Tunatumia siagi gramu 250, sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 300 na kijiko cha chai cha bekingi pauda. Nyota tunazokata hutandaa zikawa duara, na zikipoa zinakuwa ngumu, ingawa nahakikisha zimekauka ndani ya oveni kabla ya kuzitoa. Nipunguze siagi? Na je, kuna ubaya mdogo akilamba donge, maana halina yai?

JIBU: Siagi punguza, lakini anza na sukari. Sukari huyeyuka kabla unga haujashikana, ikaifanya biskuti itandae. Ikipoa huganda, na sehemu kubwa ya ugumu inatoka hapo. Kwa biskuti za kukata maumbo, waokaji wengi wana kipimo walichokihifadhi kichwani: sukari sehemu 1, siagi 2, unga 3. Kwa unga wako, hiyo ni siagi gramu 200 na sukari gramu 100. Bekingi pauda iache kabisa. Kazi yake ni kuumua, na nyota yenye ncha haitaki kuumuliwa.

Hata kipimo kikiwa sawasawa, bado kuna mikono. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi za Selsiasi, na huanza kulegea mapema zaidi. Kiganja chenye joto kinatosha kuilainisha. Watoto wakilichezea donge kama udongo wa kufinyangia, siagi inakuwa mafuta, na mafuta hayo hukimbia mara trei inapoingia kwenye moto. Isitoshe, kukanda sana kunajenga gluteni, ile protini inayoufanya mkate uvutike. Kwenye mkate tunaitafuta. Kwenye biskuti inakaza tu.

Sikwambii uwafukuze jikoni, badilisha mpangilio wa kazi. Wapige siagi na sukari wao wenyewe, watie unga, kisha wakome mara unga mkavu unapopotea. Lisukume donge hapohapo likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, hadi unene wa milimita 5, ndipo uliweke kwenye friji nusu saa likiwa tambarare hivyohivyo. Wengi hufanya kinyume: wanaligandisha donge zima, halafu wanahangaika kulisukuma. Karatasi pia inakuondolea haja ya kunyunyiza unga mezani, kazi ambayo watoto hawaijui kiasi. Likishakuwa baridi, waite wakate. Mabaki yakusanye na kuyasukuma tena mara moja tu. Yatakayosalia mpe mdogo ajifanyie atakavyo, ila usitarajie biskuti laini. Nyota zilizokatwa zirudi kwenye friji kama dakika 15 huku oveni ikipata moto wa nyuzi 180.

Sasa hilo la kuhakikisha zimekauka ndani ya oveni, hapo ndipo nina ugomvi na wewe. Biskuti iliyoiva hutoka ikiwa laini na hukauka ikipoa. Dakika 10 hadi 12 zinatosha. Tazama ukingo: ukianza kugeuka rangi ya dhahabu, toa, hata kama katikati bado panabonyea, na usiziguse kwa dakika 5. Kama una awamu ya pili, subiri trei ipoe. Trei yenye moto huyeyusha siagi kabla hujafunga mlango wa oveni.

Kuhusu kulamba, jibu ni hapana. Yai halimo, lakini unga wenyewe ni mbichi. Kwa kawaida haupitishwi kwenye moto wa kuua bakteria, na umewahi kusababisha milipuko ya E. coli na salmonela. Mdogo akisisitiza, mpe kijiko cha siagi na sukari kabla unga haujatiwa. Meno yake hayatanishukuru, lakini tumbo litakuwa salama.