Kidege cha Injini Mbili: Iulize Ile Moja Kwanza

Kila anayepita karakana yangu hapa Tabora na kukikuta kidege kimelala bila mabawa huniambia lile lile: umefanya vizuri kuchukua cha injini mbili, moja ikizima unarudi na nyingine. Si lazima iwe hivyo. Kama nawe unataka kuagiza makasha ya vipande vya kidege ujiundie nyumbani, mwulize muuzaji: injini moja ikizima, iliyobaki inakibeba kidege, au inachelewesha tu kuanguka?

Na akujibu kwa hewa ya kwetu. Nguvu zinazoandikwa vitabuni ni za usawa wa bahari. Tabora tuko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, na mchana wa Oktoba, joto likipita nyuzi 30, injini ya nguvu za farasi 15 hubaki na 12 au 13. Cri-Cri, kidege cha Mfaransa Michel Colomban kilichoruka mara ya kwanza 1973, katika toleo la MC-15 ina injini mbili za farasi 15 kila moja, na mabawa yasiyofika mita 5 ncha hadi ncha. Inapendeza mno, ila kwa mtu wa kilo zangu (mke wangu hazitaji mbele ya wageni) hapana. AirCam, kidege kingine cha injini mbili kilichobuniwa kwa ajili ya kupiga picha msitu wa Kongo kutoka angani, hupanda hata kwa injini moja. Hiyo itakuangusha kwa bei.

Halafu kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Injini za mapigo mawili zilizopangwa kwa usawa wa bahari, huku kwetu hunywa petroli kuzidi hewa. Izungushe injini kwa nguvu kidege kikiwa chini, zima, fungua plagi. Nyeusi yenye masizi, weka jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) ndogo zaidi. Kahawia ya chai ya maziwa, hapo sawa. Nyeupe, usiwashe tena, pistoni inaelekea kuungua. Kagua kila injini peke yake. Zikipishana nguvu, kidege kitavuta upande. Fundi bodaboda mzuri anajua plagi kuliko video nyingi nilizotazama.

Ukishapanga Tabora, usikipeleke Kigoma hivyo hivyo. Ziwa liko mita 773, hewa ni nzito zaidi, petroli inakuwa pungufu, na pistoni hukwama kwa joto ukiwa juu ya maji.

Kibali? Marekani kidege cha mtu mmoja kisichofika kilo 115 kikiwa kitupu, kikitimiza na masharti mengine, hurushwa bila leseni. Sheria hiyo ni ya huko. Hapa nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga na michoro yako kabla hujalipa hata shilingi.