Re: Mtoto ana uvimbe kwenye figo, kwanini kemo kabla ya upasuaji?

Pole sana dada yangu wa Tukuyu. Nimekuelewa, mtoto ana miaka 3, uvimbe wa figo ni mkubwa na umeshafika kwenye mapafu, madaktari wanataka kemo (dawa za kuua saratani) wiki 6 ndo apasuliwe, na mashemeji wanasema mnacheleweshwa.

Hamcheleweshwi. Uvimbe mkubwa hivyo ukikimbiliwa kisu unaweza kupasukia tumboni seli za saratani zikasambaa, au mtoto avuje damu nyingi, kwahiyo dawa zinausinyaza kwanza, tena zinapita kwenye damu zinafika mpaka mapafuni. Mtoto wa dada yangu tulimuuguza hivyohivyo pale Mbeya, tumbo lilipungua kabla hata ya upasuaji.

Sasa shika haya. Joto likifika 38 mpeleke hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, usimpe panadol ukasubiri kukuche, maana kemo inashusha kinga na homa inaweza kumuua. Mtu yeyote asimkande tumbo, hata bibi yake. Mitishamba iacheni kabisa, inaweza kugongana na dawa. Choo kikiwa kigumu mwambie nesi. Nywele zitanyonyoka ila zitaota tena.

Kinachoniumiza ni wazazi wanaoona tumbo limepungua wanarudi zao shamba, upasuaji hawafanyi, uvimbe unarudi na hali inakuwa mbaya zaidi. Nauli ikiwasumbua nendeni ustawi wa jamii hapo hospitali mapema, kabla hamjakosa kliniki hata moja. Na umuulize daktari picha ya kupima kama uvimbe umesinyaa itapigwa lini.