Re: Nyimbo za dansi kwenye kinanda, rekodi inasikika vibaya

Pole ndugu. Nimekuelewa: kinanda cha umeme unakipiga vizuri, ila rafiki zako wakisikiliza ulichorekodi kwa simu, feni na kugonga kwa vitufe vinafunika wimbo.

Usitegemee maiki ya simu. Tafuta adapta ya simu yenye tundu la maiki, uunganishe simu na tundu la hedifoni la kinanda. Anza na sauti ya chini kabisa, upandishe taratibu. Ikianza kukwaruza, umezidisha.

Kwenye kupiga zenyewe, mkono wa kushoto uachie besi tu. Solo ya gitaa ya wimbo ipe mkono wa kulia, uiachie nafasi ipumue.

WhatsApp tuma kama dokumenti, sauti isibanwe. Ukitaka kuuza, uliza COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) kwanza: utunzi una mwenyewe.