Makaki anayesusia midoli: mpe mwenza kwanza, kisha mpe kazi ya mikono

Ndugu, umesema makaki wenu, hao kima wa maabara ya utafiti, wanakaa mmojammoja, midoli ya plastiki wameisusia baada ya siku mbili, na jike mmoja anajinyonyoa manyoya ya mikono na mapaja. Umeuliza mnunue midoli gani. Ushauri wangu: msinunue kitu kwanza. Makaki ni mnyama wa kundi, na hakuna kifaa kinachoweza kumpekua manyoya kama afanyavyo mwenzake.

Huyo jike aonwe na daktari wa wanyama kabla ya yote, maana magonjwa ya ngozi, ujauzito na msimu navyo hupukutisha manyoya. Akianza kujing'ata, daktari aitwe siku hiyohiyo.

Kuwaunganisha wawili ndiko kugumu, na ndiko kunakoharakishwa mno. Hakikisheni kwanza majibu ya vipimo vya kifua kikuu na virusi yanalingana, na kwamba majaribio yao yanaruhusu. Jike mzima na kijana aliyekwisha kuachishwa kunyonya huelewana kwa urahisi. Madume wawili wazima wenye nguvu sawa ndio wa kuogopwa zaidi. Waanze kwa kuonana tu kupitia kizuizi kinachopitisha mwanga, siku kadhaa, kisha wavu unaoruhusu vidole. Mnachotafuta ni cheo kilichoeleweka: mmoja anampisha mwenzake, anamgeuzia makalio, au anakenua meno kwa hofu akisogelewa. Midomo ikichezeshwa harakaharaka, hiyo ni salamu ya amani. Lakini wote wawili wakikodoleana macho kwa vinywa wazi na kutikisa kizimba bila yeyote kukubali kushuka, badilisheni mwenza.

Siku ya kuondoa kizuizi iwe asubuhi, mwanzoni mwa wiki, daktari akiwa karibu, na kizimba kiwe kigeni kwa wote wawili. Wekeni sehemu mbili za chakula, mbili za maji, na bati la kujificha lisilo na kona ya kumnasa mnyonge. Ugomvi mwingi huanzia kwenye chakula kilichorundikwa mahali pamoja. Kufukuzana na kelele fupi ni kawaida. Mkiwatenganisha kila wanapokaripiana, cheo hakitulii na kila siku wanaanza upya. Jeraha la kina, au mmoja kuzuiwa kula, ndiyo sababu ya kutenganisha. Usiku wa kwanza rudisheni wavu ikiwa hakuna wa kuwaangalia.

Baada ya hapo ndipo mikono ipewe kazi. Porini makaki hutumia sehemu kubwa ya siku kutafuta chakula. Kwenye kizimba bakuli huisha kwa dakika chache. Kwa hiyo msiongeze chakula, ongezeni kazi ya kukipata. Chukueni bomba la plastiki ngumu la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 30, zibeni ncha zote mbili, kifuniko kimoja kiwe cha skrubu, kisha toboeni matundu kwa keekee na kulainisha kingo kwa msasa. Tundu ama liwe dogo lisiloingiza kidole kabisa, ama pana kiasi cha kidole kuchomoka bila shida; la katikati hunasa kidole. Jazeni sehemu ya tembe zao za chakula cha kila siku na punje chache za nafaka, mlifunge nje ya kizimba ili alifikie kupitia nondo. Mkilining'iniza ndani, mnyororo uwe mfupi usioweza kuzunguka shingo. Kamba msitumie: huchakaa kuwa nyuzi, nazo humezwa na kuziba utumbo. Angalieni pia joto la mashine ya kuoshea vizimba: ikifika nyuzijoto 82, bomba la plastiki aina ya PVC hulegea na kupinda, kwa hiyo tafuteni la polipropilini, plastiki inayostahimili joto zaidi.

Kwa jike anayejinyonyoa, ubao wenye kipande cha zulia la nyasi bandia, ukinyunyiziwa punje laini, unafaa kuliko mpira wowote. Vidole vinafanya mchezo uleule wa kupekua. Usitarajie manyoya yarudi upesi. Tabia iliyokomaa hupungua polepole, na wengine hawaiachi kabisa.

Matunda na karanga zisizidi asilimia 10 ya chakula cha siku, la sivyo wananenepa na kuacha tembe zenye vitamini C, ambayo mwili wao hauitengenezi. Midoli wanayoweza kuharibu, kama tawi safi lisilo na sumu au boksi la karatasi lisilo na pini wala gundi, huwavutia kuliko plastiki ngumu. Zungusheni vitu kila wiki badala ya kuviacha humo hadi vizoeleke.

Vifaa vilivyotumika vina mate, na makaki wengi hubeba virusi vya B, jamii ya herpesi inayoweza kumuua binadamu, bila wao kuumwa. Mwaka 1997 mfanyakazi wa utafiti nchini Marekani alifariki baada ya majimaji ya kima kumrukia jichoni. Vaeni glavu na kinga ya uso hata kwa kutoa bomba moja. Jicho likirukiwa, lisafishwe kwa maji dakika 15 mfululizo, kisha muhusika aende hospitali.

Mwisho, kila kitu kipya kiandikwe kwenye daftari la jaribio: tarehe, kiasi, nani alikula. Siku ya kumnyima chakula kabla ya dawa ya usingizi toeni mabomba yote na mkague vifuko vya mashavuni, kwa sababu makaki huficha humo chakula anachoweza kupaliwa nacho akiwa amelala.